Siku Ndege Yetu Ilipofungwa kwa Kamba

Mwanangu Somoe,

Barua hii nimeitia ndani ya begi lako, katikati ya kitenge cha kijani, kusudi uione utakapotafuta cha kujifunika upepo kwenye pantoni ya Rufiji. Nataka uisome ukiwa mbali. Ukiwa karibu utanikumbatia ninyamaze, na wewe unajua sana kuninyamazisha.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuficha nauli, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, shangazi zako wameyasema tangu asubuhi na sina la kuongeza. Mimi nina hasira. Nimeosha masufuria ya shughuli ya kukuaga nayo, nimefagia ua nayo, na sasa nimekaa nayo mezani.

Mchana, watu walipomaliza pilau, yule kijana wa jirani alikuuliza kama huogopi safari ndefu ya basi. Ukajibu kwa sauti iliyofika hadi barazani: "Niogope basi, mimi binti wa Baba Ungo? Asingeilipua ile ndege yake, leo ningekwenda Dar kwa kuruka." Watu wakashika mbavu. Baba yako naye akacheka. Kisha akasema anakwenda kuwatafutia wageni maji ya kunawa, na maji yalikuwapo, ndoo nzima, pale pale mlangoni. Wewe hukuona. Mimi niliona.

Sikukukemea mbele za watu kwa sababu siku ilikuwa yako. Lakini hutaondoka Newala ukibeba hadithi ya barabarani ukaiita ya kwenu. Ulikuwa mdogo, na unalolikumbuka ni gauni jeupe tu. Sasa nisikilize mimi niliyekuwa ndani ya ile ndege.

Baba yako alikuwa fundi wa ndege Dar es Salaam, mwenye cheti, si mtu wa ndoto za mchana. Ilipokuja enzi ya ruksa, mashirika yakaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Tukarudi nyumbani na masanduku yetu, wewe ukiwa mgongoni. Mimi nilikuwa nimejifunza injini za malori kwenye kambi ya jeshi nikiwa msichana, kwa hiyo tukafungua gereji nyuma ya nyumba, mume na mke, na watu wakatuchekea hilo nalo kabla hawajapata la kuchekea zaidi.

Masika ya mwaka uliofuata alikufa shangazi yako Zuhura, mdogo wake baba yako wa kuzaliwa tumbo moja. Alishikwa na uchungu wa uzazi, mtoto akakataa kutoka, na hapa wakasema apelekwe Masasi. Lori lilikwama kwenye mteremko wa kushuka uwandani, matope hadi kwenye ekseli. Baba yako alikuwa amemshika kichwa. Vijana walisukuma, wakakata matawi wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma tena. Zuhura akafia pale pale njiani, na mtoto wake tumboni. Aliporudi, baba yako hakulia mbele yangu. Alisema tu: "Kwa ndege, kutoka hapa hadi Masasi, chai haipoi kikombeni."

Ndivyo ndege ile ilivyoanza, Somoe. Siku nyingine ukitaka kuwachekesha watu, anza na hapo, uone nani atacheka.

Akaanza kuijenga kwenye ghala la korosho lililokuwa tupu. Fremu ni mabomba mepesi, mabawa ni mbao na kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza kama ngozi ya ngoma. Kiti cha rubani mbele, na nyuma yake nafasi ya mgonjwa. Propela aliichonga kwa mbao za mninga zilizogundishwa pamoja, akawa anaiweka juu ya msumari kila jioni kuona upande upi mzito, anaipiga msasa kidogo, anairudisha. Kilichokosekana kilikuwa injini.

Injini ililetwa na mtu tuliyekuwa tunamwita Tajiri. Wewe unamjua, na hata leo alikalishwa kiti cha mbele. Siku zile alikuwa ameanza tu kununua korosho, watu binafsi waliporuhusiwa, na alikuwa akileta magari yaliyotumika kutoka Dubai. Moja lilifika limebondeka nyuma, gari la mashindano, halina faida kwake. Akampa baba yako injini yake, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe ubavuni mwa ndege kwa herufi kubwa. Tukakubali. Jina ni rangi tu, tukasema.

Injini ile haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka kama ulizoziona gereji. Ndani yake kulikuwa na vyuma viwili vya pembe tatu, vimetuna kama sambusa, vinazunguka ndani ya chumba chao mfululizo. Ndogo, nyepesi, na nguvu zake za kutisha. Juu ya hapo ilikuwa na tabo: feni mbili kwenye fimbo moja, moja inazungushwa na moshi unaotoka, nyingine inasukuma hewa kurudi ndani ili injini ipumue kuliko uwezo wake. Bila tabo, baba yako alipiga hesabu, ndege ingeruka na rubani peke yake. Kumbeba mgonjwa ilihitaji tabo.

Hapo ndipo tulipoanza kuipima, na hapo makosa yalikuwa yetu, sikufichi. Mara ya kwanza tuliifunga mkia kwa kamba ya katani kwenye kisiki cha mkorosho, tukaiwasha, tukasahau kuangalia nyuma yake kuna nini. Upepo wa propela ukaenda kuokota makopa yote ya Bibi Atupele, muhogo aliouanika wiki nzima, ukayamwaga hadi kwenye ua wa msikiti. Tulimlipa kwa kumlimia. Mara ya pili kamba ilivutika, ndege ikajirusha mbele kama mbuzi aliyeona jani, na baba yako aliyekuwa pembeni ya gurudumu akaanguka chali. Tukabadilisha, tukatia mnyororo. Katikati ya mnyororo na kisiki baba yako akatundika mizani ya kupimia magunia ya korosho, ili tuone injini inavuta kilo ngapi. Nilifurahi nilipouona ule mshale ukienda! Nilipiga vigelegele peke yangu.

Lakini kosa letu kubwa lilikuwa kuipima kwa muda mfupi. Tunaiwasha, inanguruma vizuri, mizani inavuta, tunazima, tunarudi nyumbani tumeridhika. Petroli ilikuwa ya kutafuta na sisi tulikuwa na hamu. Mtu mwenye hamu, mwanangu, huacha kupima pale jibu linapompendeza. Baba yako ndiye aliyesema siku moja: "Mama Somoe, Masasi si mwendo wa dakika mbili. Tuiache iungurume mpaka ichoke yenyewe."

Tukaiacha. Geji ya joto ikapanda mpaka ikagonga mwisho. Tukatengeneza mkondo wa bati wa kuelekeza hewa kwenye rejeta, ikashuka. Tukaiacha tena. Safari hii tabo ikawa nyekundu kama kaa la moto, na mpira wa oili uliokuwa karibu nayo ukaanza kunuka. Baba yako akaifungua ilipopoa, akashika ile fimbo kwa vidole viwili, akaitikisa. Ilicheza. Ilikuwa imekwisha toka huko ilikotoka, na sisi ndio tuliokuwa tunaimaliza kabisa.

Akamfuata Tajiri dukani kwake. Nilikwenda naye. Akamwambia: "Tabo hii imekufa. Tunahitaji nyingine, na mabomba ya oili ya chuma badala ya mpira. Ndege iko karibu, lakini bado."

Tajiri akasema: "Fundi, hilo bado lako litaisha lini?"

"Nikipata tabo."

"Mimi nimeshamwalika mgeni mkubwa kutoka Dar. Anakuja kufungua msimu wa korosho. Nimemwambia ataona ndege ya kwanza ya Newala ikiruka."

"Ungeniuliza kwanza," akasema baba yako.

"Nikuulize wewe? Injini ya nani?"

Niliondoka pale bila kuaga. Baba yako alinishika bega njiani akaniambia mtu huyu atatulia. Hakutulia. Kesho yake gari la matangazo likaanza kuzunguka, Newala, Kitangari, hadi Tandahimba, spika mbili juu: njooni muone ndege, njooni muone ndege! Akamleta na rubani, kijana aitwaye Joakimu, aliyekuwa amekosa kazi baada ya kupunguzwa kama baba yako.

Kisha Tajiri akaja hapa nyumbani. Alikaa kwenye kile kiti cha kamba, akakuita, akakutolea gauni jeupe kutoka kwenye mfuko. Ulilirukia. Akaniambia: "Mama Somoe, huyu ndiye atakayeketi nyuma ya rubani. Atampelekea salamu mkuu wa kule Masasi na kurudi. Watu wakimwona mtoto wa fundi mwenyewe yumo ndani, watajua chombo ni salama."

Nikamwuliza: "Na mtoto wako? Nafasi inatosha watoto wawili."

Akacheka. "Wangu yuko shule, mbali."

Mpaka leo jibu lile sijalisahau. Wa kwake yuko shule. Wa kwangu avalishwe jeupe, apandishwe hewani juu ya tabo iliyokufa, awe tangazo la korosho! Nilisimama nimfukuze. Baba yako akanitangulia. Akasema kwa upole, kwa upole ule unaoniudhi mpaka leo: "Sawa. Lakini asubuhi, kabla haijaruka, nitaiwasha uwanjani ikiwa imefungwa. Nguvu zote, kwa muda wa safari ya kwenda na kurudi. Ikimaliza, ndege ni yako."

Tajiri akakubali haraka. Aliona ni nyongeza ya tamasha.

Alipotoka nilimgeukia baba yako. "Ikimaliza? Wewe umesikia ulichosema? Ikimaliza utamweka mwanangu mle?"

"Haitamaliza."

"Unajuaje?"

"Sijui. Nadhani. Ila dhana yangu haitamzuia mtu yule, na maneno yangu umeona hayamzuii. Nikiificha tabo, ataleta fundi mwingine aifunge. Lazima waone wenyewe." Kisha akasema, "Na ikimaliza, Mama Somoe, nitakaa mimi nyuma ya Joakimu. Mtoto hapandi."

Asubuhi ile uwanja ulijaa. Watu walitoka hata Lukuledi, wengine walilala njiani. Ngoma zilikuwapo, watoto wa shule kwa mistari, turubai la wageni, na yule mgeni mkubwa chini yake na soda yake. Wewe ulikuwa mbele kabisa na gauni lako na maua mkononi. Ndege ilikuwa imefungwa mnyororo na kamba mbili kwenye kisiki cha kando ya uwanja, magogo mbele ya magurudumu, ndoo za mchanga pembeni. Mimi nikaingia kwenye kiti cha rubani kushika mkono wa mafuta na kusoma geji. Baba yako akasimama nyuma ya bawa, mahali pa kuiona tabo.

Nikaiwasha. Nikaisukuma hadi mwisho.

Mwanzoni walishangilia. Lakini watu hawakuja kutazama ndege iliyosimama. Kelele zikaanza kubadilika. "Ruka!" "Mbona hairuki?" "Kata kamba!" Baba yako hakugeuka. Nikamwona Tajiri anaangalia saa, anamnong'oneza mgeni, anacheka, hacheki tena. Mwisho akawapungia vijana wake wawili, nao wakaja mbio kwenye kisiki kufungua mnyororo na kamba. Mimi nikiwa ndani, Somoe, nguvu zote zimefunguliwa! Nilipiga kelele na hakuna aliyenisikia.

Aliyewazuia ni Joakimu. Rubani wa kukodishwa, aliyeahidiwa kazi na Tajiri yule yule. Alikwenda akakaa juu ya kisiki, juu ya mafundo yenyewe, akakunja mikono. Wakamvuta shati likachanika. Hakuinuka.

Ndipo tabo ikapasuka. Sikusikia mlio kwanza, nilihisi kiti kinanipiga mgongoni. Moshi mweupe, kisha mweusi, oili ikamwagika juu ya bomba la moto na moto ukalipuka hadi kwenye kitambaa cha bawa. Nilizima petroli kama nilivyofundishwa, kisha mkono ukaungua nikitoka. Kovu hili nililokuambia ni la mafuta ya maandazi si la maandazi. Baba yako alikuwa ameshaanza kumwaga mchanga, ndoo baada ya ndoo, na Joakimu akamsaidia. Moto ukafa. Bawa moja likabaki mbavu tupu.

Watu wakalitazama. Mimi nilidhani, mjinga mimi, kwamba watu sasa wameelewa. Nilidhani watakuja kumshika baba yako mkono. Sauti moja ikatoka nyuma: "Bora ungo wa bibi yangu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wachawi wanaruka na ungo, fundi kashindwa na injini; basi likawa hilo. Tajiri akachukua kipaza sauti akasema fundi amemwangusha, amewaangusha watu wa Newala, amemwaibisha mgeni. Mgeni akaingia garini. Hakuna hata mmoja, katika wote waliotembea usiku kucha kuja kuona, aliyejiuliza ile tabo ingepasukia wapi kama kamba ingefunguliwa.

Na wewe ukaja mbio. Ulikuwa unalia kwa hasira. Ukaanza kumpiga baba yako miguuni kwa yale maua: "Umeharibu ndege yangu! Baba umeharibu ndege yangu!" Akakuinua na mikono yake ya masizi, gauni likawa jeusi kifuani, ukazidi kulia. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilimsikia anakwambia: "Ndiyo, mama. Nimeiharibu."

Hilo ndilo ulilolishika miaka yote hii. Alikiri, kwa hiyo ni kweli! Nilitaka nikueleze siku ile ile. Akanikataza. Akasema mtoto asijue kwamba kuna mtu aliwahi kutaka kumfanyia hivyo.

Kesho yake Joakimu alikuja kuaga. Alikuwa ametoka kutembea peke yake hadi ukingoni, pale ardhi inapokatika. Akamwambia baba yako: "Nimepima kwa macho, Fundi. Tabo ingepasukia pale juu ya majabali. Hakuna hata kipande cha kutua." Akapiga goti, mtu mzima yule, akamshika baba yako miguu. Baba yako akamwinua haraka kwa aibu, akamwuliza kama amekunywa chai.

Tajiri aliichukua injini yake. Gereji ikakosa wateja, maana nani ampelekee gari Baba Ungo? Tulikula ming'oko ya kuchimba porini na ugali wa muhogo mpaka baba yako alipopata kibarua kwenye mashine za kusukuma maji kule bondeni Kitangari, na yuko huko mpaka leo. Wanawake wanamwita Baba Ungo wakiwa na ndoo za maji kichwani, maji aliyoyapandisha yeye. Nimewahi kumwagia mmoja ndoo yake, na sijutii. Tajiri sasa ni mheshimiwa. Leo alikula pilau yangu, akasimama akasema yeye ndiye aliyeleta ndege ya kwanza Newala, na watu wakampigia makofi, na wewe ukapiga makofi.

Unakwenda kusomea maabara ya hospitali. Watakuja watu wenye haraka. Daktari ana foleni, mkubwa ana mgeni, na kila mmoja atataka umwambie damu hii ni safi kabla hujaitazama vizuri. Watakuita mzito, watakuita mwoga, pengine watakutafutia jina. Sitakufundisha la kuwajibu, utalijua. Mimi nakwambia tu kwamba uchungu wa kuchekwa upo, si mdogo, na asikudanganye mtu kwamba ukiwa na haki hauumi. Unauma. Nimelala kando ya mtu aliyeumizwa nao miaka yote hii, akijifanya amelala.

Baba yako hajui kama ninaandika. Angesema yamepita. Kwangu hayajapita, na sitaki yapite.

Ukifika Dar, nenda posta upige simu hapa dukani kwa Mzee Bakari, Jumamosi mchana, siku baba yako anapokuwa nyumbani. Usiniulizie mimi. Muulizie yeye. Ongea kwa nguvu, maana sikio lake la kushoto lilikwenda na injini ile na la kulia halikubaki zima. Huna haja ya kutunga maneno mazuri. Sema chochote, hata habari za mvua. Mimi nitakuwa pale pembeni ya meza, nimenuna.

Mama yako.